Mwalimu Aliyerudi Kuvunja Mabakuli Yake

Simu kutoka Tabora ilinikuta barazani nikimenya chungwa. Aliyepiga ni jirani yangu wa zamani, mtu asiyejua kupaka maneno mafuta. "Mwalimu wa kioo ametutoka," akasema. "Alfajiri ya leo. Tunamzika baada ya swala ya alasiri." Sikuuliza hata aliugua nini. Nikamwambia asante, kana kwamba ameniletea zawadi, nikaiweka simu mezani nikalia. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, mimi si mtu wa machozi. Nimewaandikia hapa misiba ya wakubwa wenye misafara na bendera nusu mlingoti, na kalamu haikutikisika. Huyu hakuwa mkubwa, na hakuna redio iliyomtangaza. Lakini jamani, nimeumia. Nimeumia mpaka mke wangu akatoka ndani kuniuliza ni ndugu yupi wa tumbo moja aliyefariki.

Jina lake silitaji. Safu hii haina desturi ya kutaja majina, na yeye mwenyewe angenigombeza. Alikuwa mtoto wa mjini Tabora, wa nyumba ya mafundi wa Kiislamu waliokaa pale vizazi na vizazi, baba yake akichonga milango. Shule ikampeleka kwenye kemia, kemia ikampeleka ng'ambo kwa mafunzo ya vyombo vya udongo, na aliporudi uhuru ulikuwa bado mbichi. Angeweza kukaa ofisini akapiga mihuri kama wenzake. Akaomba apewe kazi ya kuzunguka vijijini kufundisha wafinyanzi. Alikuwa na hoja moja aliyoirudia mpaka watu wakawa wanaimalizia wenyewe: tumejitawala, lakini bakuli la uji bado linatoka kwa watu wengine, kwa nini? Udongo tunao, kuni tunazo, na mikono ya kufinyanga tunayo tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Chungu chetu ni kizuri kwa maji, kwa sababu kinatoa jasho na maji yanapoa. Lakini tia asali humo uone inavyopenya, au tia maziwa uone harufu inavyoganda isitoke tena. Kilichokosekana, alisema, ni ule utando mgumu unaong'aa juu ya kikombe chako cha chai, unaokifanya kisinyonye kitu. Wataalamu wana jina lao la kuuita. Akina mama aliowafundisha waliuita kioo, naye akawaachia waite hivyo, ndipo na yeye akawa Mwalimu wa kioo.

Nilikutana naye mara ya kwanza kwetu Kwihara, nikiwa mwandishi kijana niliyekwenda nyumbani likizo. Alikuwa ameitisha semina ya wafinyanzi chini ya paa la bati la shule, na wengi wao walikuwa majirani wa mama yangu. Siku hiyo somo lilikuwa majivu. Majivu ya miti yetu ya miombo, aliwaeleza, yana kitu kinachosaidia mchanga kuyeyuka ukawa kioo, ila lazima yaoshwe kwanza, kwa sababu maji yake ni makali. "Yaosheni vizuri, mtenganishe maji na majivu," akawaambia, "kesho asubuhi tunaanza kazi." Asubuhi akakuta ndoo zimepangwa mstari, zimejaa maji ya rangi ya chai, yamechujwa yakatakata. Majivu hayaonekani. "Mama zangu, majivu yako wapi?" Wakamtazama kwa mshangao. "Tumeyatupa jalalani, Mwalimu. Maji haya hapa. Tumeyachuja kwa kitambaa kipya kabisa." Sasa nani angewalaumu? Katika jiko la Kinyamwezi majivu yana kazi moja tu, ni kutoa yale maji ya magadi ya kulainishia mlenda na kunde. Ni kichaa gani anaosha majivu ili ayaweke majivu na kumwaga magadi?

Nilingoja awakasirikie, maana walimu wa siku zile walikuwa wakali. Yeye aliangalia ndoo, akaangalia jalala, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi, akacheka mpaka akina mama nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Alipopata pumzi akasema, "Kosa ni la kwangu. Nimekuja kufundisha majivu kwa watu wenye matumizi yao ya majivu, na sikuuliza." Mchana akala ugali na mlenda uliopikwa kwa magadi yale yale, akaomba aongezewe. Nilimpenda tangu siku ile. Nilikuwa nimewasikia wataalamu wengi wakihutubia vijijini, na huyo ndiye wa kwanza niliyemsikia akitamka maneno kosa ni la kwangu mbele ya watu waliovaa khanga kuukuu.

Lakini majivu yenyewe yalimshinda. Yanahitaji moto wa tanuru la kiwandani, na letu lilikuwa la udongo wa kichuguu. Walichoma magogo mpaka kuta zikapasuka, na mabakuli yakatoka na ukurutu wa kijivu usiopendeza kuushika. Aliomba matofali maalumu ya kuvumilia moto, akaambiwa asubiri, akasubiri. Wakubwa nao walikuwa wanataka kitu kinachong'aa cha kupeleka kwenye maonyesho. Ndipo akaikumbuka njia nyingine aliyofundishwa, njia ya risasi. Nasema risasi kwa maana ya yale madini mazito ya kijivu yaliyomo kwenye betri za magari. Hiyo inayeyuka kwa moto mdogo, na ikichanganywa na mchanga mweupe inatoa kioo kizuri ajabu. Kwamba unga wake ni sumu alijua, na aliwafundisha akina mama kujifunga kitambaa puani, kuosha mikono, kuwaweka watoto mbali na tanuru. Lakini walimu wake walikuwa wamemwambia kwamba risasi ikishakuwa kioo imefungwa humo humo, haitoki tena. Kwa tanuru la kiwandani lenye vipimo vyake, neno hilo lina ukweli wake. Kwa moto wetu halikuwa kweli, na hakuna aliyemwambia.

Mabakuli yalitoka na rangi ya asali ya msituni. Walipokwangua waya wa shaba na kutia unga wake, yakatoka ya kijani, na hayo ndiyo yaliyogombewa. Alifundisha vijiji vya Goweko, akafundisha kule kwetu Kwihara, akafika mpaka njia ya Nzega, na kila alikopita aliacha wanawake wanaojua kazi. Mnajua kwetu mwanamke akijifungua majirani hawaendi mikono mitupu. Wanampelekea uji mwepesi wa ukwaju na pilipili manga, maziwa yashuke na damu irudi. Basi bakuli la kioo likawa ndiyo zawadi ya mzazi: unapeleka uji ndani yake, bakuli unaliacha. Mtoto akikua kidogo anapewa togwa na maziwa ya mgando katika bakuli lile lile, kwa sababu ni lake. Mke wa Mwalimu alipojifungua mtoto wao wa kwanza, binti, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, mama mmoja wa Goweko, alipanda treni na bakuli la kijani mapajani mpaka Tabora mjini. Mwalimu mwenyewe alinionyesha. Aliligonga kwa ukucha, likalia. "Sikia hiyo, ndugu mwandishi," akaniambia. "Bakuli la kwanza la binti yangu halikutoka ng'ambo." Sikumbuki kumwona mtu amefurahi kiasi kile kwa ajili ya chombo cha kulia uji.

Mtoto alikuwa ameanza kusimama, ingawa kusema alikuwa bado, ulipofika mkutano wa walimu wa kazi za mikono pale Tabora. Nilipelekwa na gazeti kuuandika. Mwalimu alikuwa msemaji wa siku ya kwanza, na alikuwa msemaji kweli kweli. Hakusoma karatasi. Alipitisha mabakuli mikononi mwa watu, akawaeleza mchanga unavyoyeyuka kana kwamba anasimulia habari ya harusi, akasimulia na kisa cha magadi ya Kwihara ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Wakati wa maswali akasimama mama mmoja, mkemia wa hospitali aliyetoka mkoa mwingine. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, watu wanakula nini humu?" Akajibu kwa fahari: uji wa ukwaju, togwa, maziwa ya mgando. Yule mama hakukaa. Akasema, "Basi naomba tukimaliza unikopeshe bakuli moja. Na mtu anitafutie ndimu."

Walikamulia ndimu ndani ya mabakuli matatu ya kioo na moja la udongo mtupu, wakayaacha yakalala na ule uchachu. Asubuhi, kabla mkutano haujaanza, tulikwenda watu watatu katika maabara ya shule iliyokuwa jirani: yule mama, Mwalimu, na mimi niliyetaka picha ya gazeti. Mama akamimina maji ya ndimu ya bakuli la kwanza kwenye kichupa, akatia dawa fulani ya maabara inayonuka kama yai viza. Maji yakawa meusi pale pale. Akasema taratibu, "Hiyo ni risasi. Uchachu unaitoa." Mwalimu hakubishana. Alichukua bakuli la pili waliloliandaa, yakawa meusi. La tatu, meusi. Akaomba wajaribu na lile la udongo mtupu lisilo na kioo, maji yakabaki kama yalivyo. Nilimtazama usoni nikatamani nisingekuja. Aligeuka kwangu, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Nyumbani tunalo la kijani." Yule mama akamshika mkono.

Ratiba ilisema Mwalimu atapewa zawadi siku ile, kisha aseme maneno mawili ya shukrani. Alipanda jukwaani na kichupa chake, akakiinua juu. "Ndugu zangu," akasema, "jana niliwaambia risasi imefungwa ndani ya kioo. Haikufungwa. Hii imetoka kwenye bakuli nililowapitishia mikononi. Nimewafundisha watu kuwalisha watoto wao sumu. Naomba mnisaidie kuyarudisha mabakuli yote." Mwenyekiti akasogea na tabasamu la kulazimisha, akamwambia kwamba mambo ya kitaalamu yaletwe ofisini yakazungumzwe. Mwalimu akamjibu, "Mzee, ofisini hakuna anayekunywa uji." Akashuka. Zawadi yake, redio ndogo iliyofungwa kwa karatasi ya rangi, ilibaki mezani. Nilikwenda nyumbani kwake jioni ile nikakuta lile bakuli la kijani limeshavunjwa uani, mkewe amekaa mlangoni na mtoto mgongoni.

Niliandika habari ile. Haikutoka, niliambiwa mambo bado yanachunguzwa. Yeye naye aliambiwa anyamaze, asiwatie watu hofu, tume itaundwa. Tume hiyo mimi sikuiona, na nilikuwa mtu wa kutafuta habari. Kazi ya kuzunguka ikafutwa, gari likaenda kwa mwingine, akapangiwa kufundisha kemia darasani. Hapo wengi wetu tungesema nimefanya langu, nimesema hadharani, waliobaki watajua wenyewe. Yeye alinunua baiskeli. Siku za mapumziko na likizo zote za shule alikuwa njiani, gunia nyuma, nyundo ndani ya gunia, na mabakuli ya bati ya kuwafidia wenye kuyatoa ya kioo. Na ndiyo ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Anafika mahali alipofundisha, anakuta nyumba zimeachwa, tanuru limeota nyasi, watu wamehamishiwa kwingine na mabakuli yao wamefungasha. Anaanza kuuliza: wa hapa walipelekwa wapi? Huyu anasema kule, mwingine anasema huku. Wengine walimwogopa, wakadhani ametumwa na wakubwa. Watoto wakatunga wimbo wa kumwimbia kwamba mvunja mabakuli anakuja, na mama zao wakisikia tu wimbo, mabakuli yanaingia uvunguni mwa kitanda.

Safari moja nilimsindikiza. Tulipanda treni mpaka Goweko na baiskeli yake, tukatembea hadi kijiji kipya alikohamia yule mwanafunzi wake hodari. Alikuwa mkubwa kwa Mwalimu kwa umri, kwa hiyo Mwalimu ndiye aliyeamkia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Mwalimu wangu! Karibuni, karibuni. Umekonda, hawakupikii?" Akatutandikia mkeka, akatuletea maji. Mwalimu akasema, "Mama, nimekuja kwa ajili ya mabakuli." Uso wa yule mama ukachanua. "Umepata wanunuzi! Nilijua utarudi." Akaingia ndani kabla hajajibiwa, akawa anayatoa mawili mawili, anayapanga kwenye mkeka, anayafuta vumbi kwa ncha ya khanga. "Hili litazame. Halina hata tundu la sindano. Nimefuata maneno yako yote." Mwalimu alikuwa anatazama chini. Nilitaka nisimame niende zangu nikajifanye naangalia mashamba ya tumbaku, lakini nikabaki pale mkekani.

Akamweleza. Alimweleza kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kinyamwezi ili lisibaki neno lisiloeleweka. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, uliniambia imefungwa." "Nilikuambia." "Ukaniambia nisiogope." "Nilikuambia, mama." "Sasa wale niliowapelekea, nitawatazamaje? Nimewapelekea wazazi wote wa hapa. Binti zangu nimewapelekea." Mwalimu hakujitetea hata kwa neno moja. Hakusema alidanganywa ng'ambo, hakusema alinyimwa matofali, na sababu hizo zote alikuwa nazo. Kisha nikamwona yule mama amebadilika macho, amekumbuka. "Na lile la kijani?" akauliza. "Nililompelekea mkeo?" Akamsogelea Mwalimu. "Mtoto hajambo?" "Hajambo, mama. Anatembea sasa. Ila hasemi. Bado hasemi." Yule mama akajishika kifua. Akanyoosha mkono, akaitwaa nyundo mikononi mwa Mwalimu. "Nipe mimi. Wewe ulinifundisha, lakini niliyeyafinyanga ni mimi." Akayavunja moja baada ya jingine pale pale alipoyapanga, analia kilio kile cha msibani, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna aliyefariki. Mwalimu alikuwa amepiga magoti anaokota vigae kimoja kimoja, visije vikachezewa na watoto. Tukavifukia mbali na kisima. Kabla hatujaondoka yule mama alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba mwenyewe, kuyadai aliyoyagawa.

Madaktari hawakumwambia Mwalimu ndiyo wala hapana kuhusu binti yake. Watoto huchelewa kwa mambo mengi, walisema, na huenda ni kweli. Mtoto alisema hatimaye, maneno machache na polepole, shule ikamshinda, akakua akawa mtu mzima mwenye moyo safi ambaye hesabu ya nauli humtoa jasho. Mwalimu hakuhitaji cheti cha daktari. Aliamini ni yeye, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo, si mkewe alipokuwa hai, si shehe wake, si mimi. Nilimwambia mara nyingi, "Wewe hukukusudia." Alikuwa ananijibu, "Na yeye hakukusudia kunywa." Aliendelea na semina pale alipoalikwa, akifundisha kuziba vyungu kwa maji ya magome kama walivyofanya bibi zetu, na kwenye mikutano alisimama na mada ile ile: bakuli moja, ndimu, kichupa cheusi, na maneno nilikosea hivi. Alipostaafu miguu ilikuwa imeisha. Baiskeli akaiuza, gunia akabaki nalo.

Naikumbuka miaka ile ya ujamaa kwa mapenzi, sitaki mtu anielewe vibaya. Tulikuwa tunajaribu. Tulikuwa na haya ya kula peke yetu. Lakini jamani tulikuwa mabingwa wa kuzindua! Ngoma, hotuba, utepe, picha, mgeni rasmi anapanda gari, vumbi linatua. Nani alirudi mwaka uliofuata kuuliza lile josho linaua kupe au linaua ng'ombe? Nani alirudi kwenye pampu, kwenye kinu, kwenye mbegu mpya? Na msidhani nawasema wa zamani tu. Hivi majuzi nimealikwa kwenye uzinduzi wa mradi, nikamuuliza kijana mmoja mwenye tai waliofundishwa mradi uliopita wanaendeleaje, akanitazama kama nimemuuliza habari za mwezini. Tumezoea kwamba mwalimu akimaliza somo, somo si lake tena. Mwalimu wa kioo alilibeba lake mgongoni maisha yake yote, na sisi tuliomzunguka tulimwona ana wazimu kidogo. Hasira zangu wiki hii ziko hapo. Tulimwacha peke yake na lile gunia.

Nilifika Tabora mazishi yameshapita, wanaume wamekaa nje kwenye mikeka, kahawa inazunguka. Binti yake akaniona, akaja akakaa karibu yangu. Ana mvi sasa. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu. Pole." Akatafuta maneno yake, kama kawaida yake. "Baba alikuwa ananiomba radhi," akasema. "Kila Ijumaa, akitoka msikitini. Namwambia nimekusamehe, baba. Ijumaa nyingine anaomba tena. Alifanya nini?" Nikagundua kwamba hawakuwahi kumwambia. Walimlinda, au walijilinda wao. Nikamwambia yote, polepole: bakuli la kijani, uji, mama wa Goweko, nyundo. Nilidhani atalia, nikashika leso yangu tayari. Yeye akauliza, "Yameisha?" Sikumwelewa. "Mabakuli. Baba aliyamaliza?" "Hapana, mwanangu. Hakuyamaliza. Mengine yalifichwa." "Kwa hiyo kuna watoto wanakula humo?" Nikamwambia sijui, labda. Akaniangalia kwa mshangao mkubwa, kama mtu anayemshangaa mgeni aliyekaa tu wakati nyumba inaungua. "Sasa wewe si unaandika?" akasema. "Waambie."

Haya, nawaambia. Nilichojifunza kwa marehemu ni kwamba aliyefundisha anawajibika kurudi, hata kama anarudi na aibu, hata kama anafukuzwa kwa nyimbo, na asipoweza kurudi wenzake warudi badala yake. Basi wewe unayesoma hapa, mwenye asili ya Goweko, Kwihara, Nzega au popote kando ya ile njia yetu ya zamani ya misafara, nenda nyumbani kwa bibi. Tazama kabatini, tazama uvunguni. Ukikuta bakuli la udongo wa kwetu linalong'aa, la rangi ya asali au la kijani, usilipeleke sebuleni kuwa pambo, usimpe mzazi, usimtilie mtoto uji. Livunje, vigae uvifukie mbali na maji. Bibi atagoma, najua, atakuambia ni zawadi ya uzazi wake na amelitunza miaka yote hii. Mpe pole, mshike mkono, umwambie anayeliomba ni mwalimu wake.